Kapu na Habari Zake

Katika mkoa wa Arusha mtu hakai siku tatu bila kuulizwa kwao ni wapi. Swali lenyewe halina ubaya. Tangu Wajerumani walipojenga boma lao hapa yapata mwaka 1900, mji huu umekuwa wa watu wa kuja: Wachaga na Wapare, Warangi na Wanyaturu, Wasomali na mifugo yao, Wahindi na maduka yao, Wagiriki na mashamba yao ya kahawa. Ukipanda kuelekea Mlima Meru, huko Akheri, Poli au Nkoaranga, swali hubadilika kidogo. Huulizwi mji, waulizwa ukoo. Kaaya? Pallangyo? Nnko? Mbise? Ukishajibu, muulizaji hukupa nafasi yako kichwani mwake, nanyi mkaendelea na mazungumzo.

Mimi kwa miaka 31 nilijibu swali hilo kwa neno moja: Kasulu. Nilisema sisi ni Waha wa Kigoma, nikanyamaza. Watu wa Arusha hawaijui sana Kigoma. Ni mbali, na wengi huijua kwa dagaa na mawese tu. Kwa hiyo jibu langu lilitosha, na hakuna aliyewahi kulichimba.

Sisi ni Warundi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya misheni, upande wa kusini wa Burundi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huko kusini na watu wengi wakauawa. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuwasaka na kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, watumishi wa makanisa. Waliokufa katika miezi ile hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 200,000, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Mwalimu wa darasa la tatu hakuwa msomi wa kutisha, lakini alijua kusoma na kuandika, na mwaka ule hilo lilikuwa kosa la kutosha. Baba na mama walitoka usiku na binti yao mmoja. Walifika Tanzania wakiwa wawili.

Nilizaliwa mwaka 1974 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Aliyepata kusikia kwaya ya Barabara ya 13 amekwisha kulisikia jina la mahali hapo. Vijiji vyetu havikuwa na majina kama vijiji vingine. Vilipangwa kando ya barabara, na barabara zikapewa namba. Mtoto alisema anatoka barabara fulani kama mwingine anavyosema anatoka Moshi. Tulilima mahindi, mihogo na tumbaku katika ardhi iliyokuwa msitu wa miyombo. Sitaki kusema tuliteseka kupita kiasi. Tanzania ilitupa ardhi, shule na zahanati, jambo ambalo nchi nyingi tajiri haziwafanyii wakimbizi hata leo. Lakini maji hayakuwatosha watu wote, kiasi kwamba mwaka 1978 serikali ilifungua makazi mengine huko Mishamo kupunguza msongamano. Na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Baba aliwahi kuniambia kwamba alikuwa na kila kitu isipokuwa mlango.

Mwaka 1985 aliamua kuutafuta. Tulisafiri hadi Arusha, akapata kibarua katika shamba la kahawa karibu na Usa River, nasi tukalala katika nyumba za vibarua. Usiku wa kwanza alitukalisha sote, mimi na kaka yangu na wadogo zetu wawili, akatufundisha somo kama alivyokuwa akifundisha darasani, kwa kurudia. Mkiulizwa, semeni Kasulu. Kiha na Kirundi husikilizana karibu neno kwa neno, kwa hiyo hata mama akiteleza na kusema lugha yake sokoni Tengeru, atakayemsikia atadhani ni Kiha. Tukarudia mpaka tukalala.

Jambo gumu lilikuwa majina. Msomaji asiyeijua Burundi huenda akashangaa nikimwambia kwamba kwa desturi ya kwetu watoto hawarithi jina la baba. Kila mtoto hupewa jina lake peke yake, na mara nyingi jina hilo ni sentensi nzima yenye Mungu ndani yake. Bizimana, yaani Mungu ndiye ajuaye. Ntirandekura, yaani hajaniacha. Nduwimana, mimi ni wa Mungu. Mzazi husema na Mungu kupitia jina la mtoto, hasa baada ya msiba. Majina ya namna hiyo yangetutaja mara moja mbele ya karani yeyote aliyepata kufanya kazi magharibi mwa nchi. Baba akayaweka kando yote, akatuandikisha shuleni kwa majina yetu ya ubatizo, na kama jina la ukoo akatupa jina la Kiha alilolisikia kwa dereva wa lori njiani.

Siwezi kumlaumu, na sitaikana ngao iliyotufunika. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini katika mikoa ya Kigoma na Kagera na kuwapeleka makambini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa huko miaka mingi, wakaoa na kuolewa na wenyeji. Habari zile zilipotufikia, baba alichimba shimo nyuma ya nyumba na kufukia karatasi zote zilizokuwa na jina Ulyankulu, zikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kisha ukaja mwaka wa ajabu. Juni 1998 mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Arusha chini ya Mwalimu Nyerere. Nilikuwa na umri wa miaka 24, nami nilikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini iliyopokea baadhi ya wajumbe. Mjini kila mtu alikuwa na maoni juu ya Warundi, hasa madereva wa teksi, ambao nadhani ndio pekee waliopenda mazungumzo yasiishe. Mimi nilimimina chai. Pande zote zilizokuwa zimeuana zilikaa katika chumba kile kile cha kulia, meza mbalimbali, nami nilielewa kila walichosema wakidhani wapo peke yao. Asubuhi moja mzee mmoja, mnyenyekevu, alipokea kikombe akasema “urakoze”, maana yake asante. Nikamjibu kwa Kiswahili, “Karibu, mzee.” Nilikwenda jikoni nikasimama karibu na jiko mpaka mpishi akaniuliza kama naumwa.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mandela akashika usuluhishi, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini hapa hapa Arusha, Rais Clinton akiwepo. Nchi yetu ilifanyiwa amani kilomita 20 hivi kutoka nyumbani kwetu. Baba alisikiliza redio kwa sauti ya chini sana.

Mwaka uliofuata niliolewa na kijana wa Kimeru. Yeye nilimwambia kabla ya ndoa. Akanyamaza kwa muda, akaniomba tu nisiwaambie wazazi wake. Kwa Wameru ardhi ni jambo la ukoo, na ukoo ni jambo la damu; mke aliyetoka Kigoma waliweza kumzoea, mkimbizi hakuwa na hakika nao.

Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Baba alilifukua lile kopo, akarudi Ulyankulu ambako ndugu walikuwa wameendelea kututunzia nafasi yetu. Nasi tukafuata kwa zamu kwenda kupigwa picha, kila mmoja akiwaaga majirani kwamba anakwenda msibani Tabora. Mwaka 2010 Warundi wapatao 162,000 walikubaliwa, lakini vyeti vilichelewa. Vilianza kutolewa Oktoba 2014. Baba alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2012.

Ni katika mazishi yake jambo hili lilianza kunila. Kabla ya mahubiri ulisomwa wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi. Kaka yangu aliuandika vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza. Marehemu alizaliwa Kasulu. Marehemu alisoma Kasulu. Hakukuwa na shule ya misheni, hakukuwa na darasa la tatu, hakukuwa na usiku ule. Mzee aliyefundisha watoto mia kadhaa kusoma alizikwa kama mtu ambaye hakuwahi kushika chaki. Mama alikuwa ameketi benchi la mbele. Mama wa Kirundi anajua namna ya kumlilia mumewe. Yapo maneno yake, na mpangilio wake. Alilia kwa Kiswahili.

Cheti changu cha uraia nilikipokea, nikakifunga kwenye nailoni na kukiweka chini ya nguo kabatini. Nilidhani siku ile ningejisikia huru. Ukweli ni kwamba sheria ilikuwa imeniruhusu kusema mimi ni nani, na bado nilipoulizwa nilijibu Kasulu, kwa sauti ile ile ya mtoto wa miaka 11.

Ufunguo wangu ulikuja mwaka 2016, na ulikuja kwa njia ya kawaida sana. Katika kanisa letu la Kilutheri, usharika hugawanywa katika jumuiya ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Zamu hiyo ilikuwa nyumbani kwa mama mkwe wangu, Jumamosi asubuhi, nasi tulikuwa tukijiandaa kwa sikukuu ya mavuno. Mwinjilisti alisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Nimelisikia somo hilo tangu utoto na nilijua linahusu malimbuko: mkulima atie mazao ya kwanza kapuni, ampelekee kuhani. Kumbe kuna sehemu ya pili ambayo nilikuwa nimeipita kila mara. Kapu likishapokewa, mkulima haruhusiwi kuondoka. Anaamriwa asimame aseme habari za jamaa yake: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, akaenda nchi ya kigeni na watu wachache, wakateswa huko, wakalia, wakasikiwa, wakaletwa mahali walipo. Mtu ana shamba lake, ana mavuno yake, tayari ni mwenyeji. Na bado ibada yake haijakamilika mpaka aseme kwamba kwao walikuwa wageni.

Niliona wazi kwamba miaka yote nilikuwa nikipeleka kapu tu.

Kwa desturi mwinjilisti huuliza nani ana neno. Niliomba ruhusa. Sikuwa nimepanga wala kumwambia mume wangu. Nilisema, “Baba yangu alikuwa Mrundi. Alikimbilia nchi hii mwaka 1972.” Kisha nikasimulia yote, Ulyankulu na barabara zake, kopo la maziwa, hoteli, wasifu. Mikono ilinitetemeka, lakini nilipofika katikati ilitulia, na nakumbuka nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyo nene. Nilisema na jina langu, lile la kwanza, ambalo mara ya mwisho lilitamkwa mbele ya watu Ulyankulu. Niliwaambia maana yake kwa Kiswahili, kwamba mimi ni wa Mungu. Mtu mwenye jina la namna hiyo, niliwaambia, ana kwao hata pasipo na kwao.

Wakanyamaza. Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi za chai, kisu kikasimama. Hakunitazama. Baada ya muda akauliza, “Sasa mama yako akisali usiku, huwa anasali kwa lugha gani?”

“Kirundi, mama.”

“Peke yake miaka yote hiyo,” akasema, akaendelea kumenya.

Aliyefuata kusema ni mzee wa jumuiya yetu. Alisema mwaka 1951 alikuwa mtoto wa miaka minane kule Engare Nanyuki. Serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi ile ili wapewe walowezi wa Kizungu, nyumba zikachomwa moto. Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952 kudai haki yao. Kila Mmeru ajua habari hiyo. Lakini mzee hakusema juu ya New York. Alisema juu ya mbuzi wa bibi yake aliyeungua akiwa amefungwa kamba. “Na hata huku Meru,” akaongeza, “wazee walituambia tulitoka Usambara. Hakuna aliyeota hapa kama mgomba.” Watu walicheka, nami nikaweza kukaa.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yalinyooka. Habari ilishuka kwenye mfereji wa maji kabla ya jioni. Yuko jirani ambaye tuna ugomvi wa mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo tukigombana huniita mkimbizi. Neno hilo hunichoma, lakini halinitishi tena, na hizo ni hali mbili mbalimbali ambazo zamani sikujua kuzitenganisha. Kaka yangu alikasirika sana. Alisema nimetoa siri isiyokuwa yangu peke yangu, na kwamba karatasi ikitolewa na serikali moja yaweza kuchukuliwa na nyingine. Hoja yake si ya kipumbavu. Hakukanyaga kwangu kwa miaka miwili. Sasa anakuja, ila watoto wake hadi leo ni Waha wa Kasulu, na nikiwa kwake naheshimu hivyo.

Mama hakusema lolote, si zuri wala baya. Miezi kadhaa baadaye nilimpeleka Tengeru. Nyuma ya soko, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yapo makaburi ya Wapolandi yapatayo 150. Watu wale walikuja mwaka 1942. Serikali ya Kisovieti iliwang'oa makwao na kuwasafirisha hadi Siberia na kwingineko kuanzia mwaka 1940. Walipoachiwa walipitia Uajemi, na 5,000 hivi wakaletwa chini ya Mlima Meru, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga shule, kanisa na karakana, wakalima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilikuwa imefungwa nao wametawanyika duniani, Uingereza, Kanada, Australia, wachache walibaki. Wengi wa waliolala pale ni Wakatoliki, wapo pia Waorthodoksi na Wayahudi. Pamefagiliwa, pamezungushiwa ukuta.

Mama alitembea polepole kati ya mistari, akigusa misalaba kwa fimbo yake. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea majina kadiri nilivyoweza kuyatamka.

“Hawa nao walikimbia nini?”

“Vita, mama. Walifukuzwa kwao.”

“Nani aliwaandikia majina?”

“Wao wenyewe.”

Aliketi juu ya ukingo wa kaburi la mtoto. Hapo, kwa Kirundi, aliniambia habari za binti yule waliyetoka naye mwaka 1972. Nilijua kwamba aliwahi kuwapo, sikujua zaidi. Alikuwa na miaka miwili. Homa ilimshika siku ya tatu, akafa siku ya nne kabla hawajavuka mto Malagarasi. Baba alichimba kwa jembe la kuazima, na kwa kuwa waliogopa kufuatwa hawakuweka hata jiwe. Mama alilitaja jina lake mara mbili. Sitaliandika hapa, ni la mama. Nasema tu kwamba lilikuwa sentensi, kama majina yetu yote, na kwamba mzazi aliyempa mtoto jina lile alikuwa akitazamia mema.

Tulirudi na daladala. Mama alikaa dirishani na hakusema tena, ila alipofika nyumbani aliomba chai, akala vizuri.

Mavuno ya mwaka uliofuata alitaka kapu lake mwenyewe, lisichanganywe na langu. Alitia maharage, mihogo mitatu na mayai, akalifunika kwa kanga. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada, kelele kama kawaida, jogoo wakikimbia, wanakwaya wakipandisha bei kwa utani. Kapu la mama lilipoinuliwa, mwendesha mnada akauliza ni la nani. Mama akasimama kwa fimbo yake, akajitaja kwa jina lake la Kirundi, lote, taratibu, kisha akaongeza kwa Kiswahili chake cha Tabora kwamba ametoka Burundi kwa miguu. Mwendesha mnada hakuweza kulitamka, akajaribu mara tatu, watu wakimsaidia kwa makosa mbalimbali. Mzee wa jumuiya alilinunua kwa shilingi 12,000. Akachukua mayai, akalirudisha kapu lipigwe mnada tena.